Nitarudi Baridi Ikirudi

Sara alifika kwangu Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, kwa miguu. Gari lililomtoa Kibenga, alikofikia na wauguzi wenzake, liliishiwa esansi, yaani petroli, karibu na mtaa wa Rohero, na kwa kuwa esansi siku hizi haipatikani hata ukiililia, dereva aliliacha hapohapo kando ya barabara, akamwelekeza njia kwa kidole. Nilimwona akiingia uani, mwanamke mtu mzima, uso mwekundu kwa jua, viatu vimejaa vumbi, mfuko wa kitambaa ameukumbatia kifuani. Nikacheka kabla hata ya kumsalimia. Huyu ndiye aliyelikimbia gari la farasi la baba yake kwa kupenda mambo ya mbio, na sasa dunia imemrudisha kwenye miguu yake mwenyewe. Nilimwambia hivyo kwa Kiingereza changu kilichoota kutu, naye akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Hadija, Mama amefariki. Sikutaka uisikie kwenye simu."

Nilimkalisha sebuleni, nikaenda jikoni kujifanya naangalia moto. Mkwe wangu Mariamu alikuwa akichambua mboga. "Mama, uyu muzungu wako atakula nini?" akaniuliza. "Tumupikie muchele ao?" Nikamwambia, "Apana, mupikie bugali na ndagala. Uyu si mugeni, ni mutu wa kwetu." Mariamu akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Mutu wa kwetu namna gani, na we hauyamuona miaka yote iyi? Si ni ule wa kwa bale bazungu basio na televizio?" Nikamjibu, "Basio na televizio, basio na gari, basio na umeme." Umeme kwetu ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mariamu akatazama balbu iliyokufa juu ya kichwa chake, akasema, "Kumbe bako sawa na sisi!" Nilicheka, halafu machozi yakanitoka hapohapo, nikayasingizia moshi.

Nilivyotoka Bujumbura wakati wa vita hadi nikajikuta Pensilvania, Marekani, ni hadithi ya watu wengi, na walioisimulia vizuri wapo. Mimi nataka kusema habari za jiko moja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nakaa mjini na wakimbizi wenzangu, sina kazi, na dereva mmoja aliyezoea kuwaendesha Waamishi kwa malipo, maana Wakristo hao hushika maisha ya zamani na hawaendeshi gari, akatwambia kwamba kuna mama shambani ameteleza kwenye barafu akimwaga majivu, amevunjika mkono wa kulia, na anatafuta mtu wa kumsaidia mpaka majira ya baridi yaishe. Wenzangu walikataa. Nani aende kukaa gizani na ng'ombe? Mimi nilikubali kwa sababu nilichoka kulala watu wanne chumba kimoja. Nilipofika, Mama Rebeka alisimama mlangoni na mkono wake uliofungwa plasta, amevaa nguo nyeusi hadi kwenye vifundo vya miguu na kofia nyeupe ya kitambaa. Akautazama mtandio wangu, kisha sketi yangu ndefu, akasema kwa utulivu, "Wewe umevaa vizuri." Tangu nifike nchi ile sikuwa nimesifiwa mavazi na mtu yeyote.

Nyumba ilikuwa kubwa lakini sisi tuliishi jikoni, kwa kuwa jiko la makaa ndilo lililokuwa na joto. Vyumba vya juu vilikuwa vya kulala tu. Unapanda mbio, unajitosa chini ya mablanketi ya viraka yaliyolala juu yako mazito kama gunia la mchele, na asubuhi unakuta pumzi yako imeganda kwenye kioo kwa ndani. Kabla ya jua, Mzee Amosi, mumewe Mama Rebeka, na binti yao mdogo Ruthu walikuwa wameshaingia zizini na taa, nami kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko, kukoroga uji wa mahindi, kukaanga mayai, kisha kuvaa mabuti ya mtu na kwenda kuvunja barafu kwenye hori la farasi kwa shoka. Mpini wa shoka ulikuwa wa baridi kiasi cha kuuma. Nililia mara ya kwanza, na machozi yenyewe yaliniumiza mashavu, nikaacha. Zizini ndiko kulikokuwa na raha. Ng'ombe walipumua mvuke, maziwa yakatoka ya moto, na Ruthu aliimba polepole nyimbo zao za kanisa zisizo na haraka ya kufika popote. Sisi huku tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa shoka siku ya kwanza, na nawashukuru, maana mtu anayekupa kazi hakuangalii kwa huruma.

Walikuwa wakizungumza kilugha chao, Kijerumani cha zamani, na mimi nilisikiliza mazungumzo yao kama mtu anayesikiliza mvua. Siku moja nilisikia watoto wa jirani wakisema wanakwenda "shule", nikaruka nikidhani wamejifunza Kiswahili, kumbe ni neno lao. Mama Rebeka alicheka mpaka akaushika mkono wake mbovu. Na mimi na yeye tulizungumza Kiingereza cha kuokotaokota, yeye akikitumia kwa wageni tu, mimi nikiwa nacho kidogo, kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Walipochinja nguruwe, na majira ya baridi ndiyo wakati wao wa kuchinja, nyumba nzima ilinuka mafuta kwa siku kadhaa. Nilikaa juu chumbani nikiwaza nitakula nini. Mama Rebeka alipanda ngazi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa ajili ya mkono ule, akiwa na sufuria ndogo ya bluu, mpya, amefunga uzi mwekundu kwenye mpini wake. "Hii ni yako," akasema. "Haitaguswa na kitu ambacho Mungu amekukataza." Ilitundikwa kwenye msumari wake peke yake, mbali na nyingine, na hakuna mtu aliyeigusa. Mwezi wa Ramadhani uliingia humo humo katika baridi, siku fupi, jua linazama mtu hujasikia njaa. Yeye alikuwa amezoea kula mapema na mumewe, lakini mwezi ule alikuwa akikaa na mimi dirishani mpaka jua lizame nyuma ya ghala, ndipo tunakunywa supu ya dengu pamoja kutoka kwenye sufuria yangu. Hakuniuliza kwa nini nafunga. Aliuliza tu kama chumvi imetosha.

Nimeitaja sufuria kwanza kwa sababu nataka mjue kwamba watu wale waliweza kutenga kitu kwa upendo. Nisiposema hivyo, mtasikia habari za Sara na kuwachukia, na mimi sitaki.

Sara, binti yao mkubwa, alikuja mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Aliacha gari lake barabarani, akatembea kwenye theluji mpaka mlango wa jikoni, akiwa na bati la biskuti. Mzee Amosi aliona gari kupitia dirishani, akachukua kofia yake, akaenda zizini wakati ambao si wa zizi. Sara akasimama mbele ya mama yake, akanyoosha lile bati. Mama Rebeka hakulipokea. Mkono mzima ulibaki ndani ya aproni. Mimi nikadhani ni ile plasta! Nikajilaumu kwa uzembe, nimeletwa niwe mikono ya mama huyu na nimesimama kama mlingoti. Nikaruka, nikalichukua bati kutoka kwa Sara, nikamwekea Mama Rebeka mapajani. Akalipokea. Akalifungua, akala biskuti moja, macho ameyafumba. Wote wawili wakanitazama, na Sara akaanza kulia, nami sikujua nimekosea wapi.

Ruthu ndiye aliyenieleza, tukiwa tunakamua. Kwao mtu hubatizwa akiwa mkubwa, kwa hiari yake, na akishaahidi mbele ya kanisa ameahidi. Sara alibatizwa, kisha akaondoka kwenda kusomea uuguzi, na shule ya namna hiyo kanisa lao haliikubali. Kama angeondoka kabla ya ubatizo asingefungwa na lolote. Alivunja neno, kwa hiyo akatengwa. Anaweza kuja kusalimia. Mama yake anaweza kumpa chakula, nguo, chochote. Lakini asile naye meza moja, na asipokee kitu kutoka mkononi mwake. Nasikia makanisa mengine ya Waamishi si makali hivyo. Lile la kwao lilikuwa hivyo. "Na wewe, Ruthu, unaonaje?" nikamuuliza. Akaendelea kukamua. "Mama analia usiku," akasema. "Lakini akipokea, atakuwa naye amevunja neno lake."

Basi nikawa mkono. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenikataza, kwa kuwa mimi nilikuwa nje ya sheria yao, si ndugu wala adui. Kila Alhamisi Sara alikuja. Kama ameleta uzi, ananipa mimi, nami nampa mama yake. Kama ni chungwa, vilevile. Plasta ilipokatwa, mkono wa Mama Rebeka ukatoka mwembamba na mweupe, nilidhani kazi hiyo imekwisha, lakini Sara alipoingia na kopo la asali, mama yake aliweka mikono yote miwili mezani, akageuza uso, akaniangalia mimi. Ningefanya nini? Niliichukua asali. Wakati wa kula tulipanga meza mbili, kubwa na ndogo, zikaachana kwa upana wa kidole, na Mama Rebeka akatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili, ili jicho lisione ule ufa. Akaniomba nikae meza ndogo na Sara. Alikaa yeye mwisho wa meza kubwa, bega lake karibu kugusana na la binti yake, wakala viazi na kuku. Watu wanaosema sheria haina moyo hawajawahi kuona kile kitambaa kikitandikwa na kunyooshwa, kikatandikwa tena.

Katikati ya baridi walifunga fremu kubwa jikoni, wakaanza kushona blanketi la viraka. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, sindano nimezaliwa naiona, wakanipa upande wangu. Sara alikaa upande wa pili. Akiishiwa uzi mama yake, Sara anakata wa kwake, ananipa, nampa. Sindano ya mama ikikosa tundu, namtungia. Walizungumza kilugha chao kwa sauti za chini, habari za nani amezaa na farasi wa nani amekufa, nami niliacha kutamani kuelewa. Nilikuwa na furaha. Nayasema haya sasa kwa sababu wakati ule sikuyajua. Nilidhani niko kazini, nangoja theluji iyeyuke nirudi mjini kwa watu wanaonitania kwa Kiswahili. Mzee Amosi aliingia jioni moja akakuta kopo la asali mezani. Akauliza, "Hii asali imetoka wapi?" Mama Rebeka hakuwa na uwezo wa kusema uongo, akajibu, "Amenipa Hadija." Mzee akalitazama kopo kwa muda. Kisha akakata mkate, akapaka asali, akala akiwa amesimama. "Hadija ana nyuki wazuri," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Theluji ikaisha. Uani pakawa matope, farasi wakatolewa kulima, na dereva akaniletea habari kwamba mjini kuna kazi kiwandani, na kuna familia nyingine zimefika kutoka Bujumbura, mmoja wao anasema ananijua. Nilifungasha siku ileile. Mama Rebeka hakunizuia. Kwao si adabu kumbembeleza mtu abaki. Alisimama pale mlangoni aliponipokea, akauliza tu, "Utarudi?" Nami nikamjibu kama tunavyojibu hapa kwetu, tukiwa tumeshavaa viatu na mguu mmoja uko nje. Nikasema, "Nitarudi baridi ikirudi."

Hapa Buyenzi mtu akikuaga anasema atapita kesho. Hupiki kwa ajili yake. Nitapita, nitakuona, tuko pamoja, inshallah. Ni maneno ya kufunga mlango taratibu usipige kelele, na asiyeyasema ndiye tunayemwona hana malezi. Lakini nilikuwa nimekaa miezi na watu ambao hawaapi kwa sababu ndiyo yao ni ndiyo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu binti akikaa meza ndogo kwa ajili ya neno moja alilolisema akiwa msichana. Na bado nikalisema langu kwa ulimi mwepesi, nikapanda gari.

Baridi ya kwanza nilikuwa kiwandani. Ya pili niliolewa, ya tatu nilikuwa na mtoto mgongoni, halafu kukawa na amani huku nyumbani, mume wangu akataka kurudi, tukarudi. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Mahali pale palikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Majuto ni mjukuu, wahenga wamesema, na mimi wajukuu ninao wengi wananikimbilia uani, lakini huyo mmoja hakui, wala haachi kuniuliza maswali.

Mariamu alileta bugali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akaweka sinia moja katikati. Tukanawa. Sara alitazama lile sinia, mikono yetu yote mle mle, akauliza, "Nyinyi mnakula hivi siku zote?" Nikamwambia siku zote. Alikula vizuri, kwa vidole, akajichafua, Mariamu akafurahi. Baada ya chakula alifungua ule mfuko wa kitambaa, akatoa sufuria ya bluu. Uzi kwenye mpini ulikuwa umepauka, ukawa wa rangi ya waridi lililokauka. Hakunipa mkononi. Aliiweka juu ya meza mbele yangu, akairudisha mikono yake mapajani, na nikakumbuka kwamba tangu afike, kila kitu alichotaka kunipa alikiweka chini kwanza. Miaka yote ile bila mkono wangu kati yao ilimzoesha hivyo.

"Ruthu amenipa," akasema. "Mama hakuwahi kupikia humo. Kila mwaka theluji ikianza aliishusha, akaiosha, akaitundika tena. Na kitanda chako akakitandika."

Nikamuuliza tu kuhusu siku za mwisho, kama mtu anavyouliza msibani, ili mfiwa apate kuongea. Akanieleza kwamba aliruhusiwa kumwuguza, yeye ndiye muuguzi, na kwamba alimgeuza, akambadilishia shuka, akamwosha miguu. Hayo yote ni huduma, hayahesabiwi. "Asubuhi moja Ruthu alikuwa zizini, tuko wawili tu," akasema. "Midomo yake imekauka. Nikaleta kikombe cha maji, nikakiweka kwenye meza ya kando, kama siku zote. Akakitazama. Mkono wake haukuweza tena kuinuka. Nikamwambia, Mama, nikunyweshe? Huenda askofu wao mwenyewe angemwambia apokee. Akatikisa kichwa, kwa upole. Kisha akageukia mlango, akaita."

"Akamwita Ruthu?"

"Akakuita wewe. Hadija, Hadija, mara mbili, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Ruthu alipoingia na ndoo akasikia, akasema ni homa, Mama amechanganyikiwa. Akamnywesha yeye." Sara alijifuta pua kwa kiganja. "Nimetoka mbali kukwambia tu kwamba hakuwa amechanganyikiwa."

Nje wajukuu walikuwa wakigombania mpira, na Mariamu akiwafokea, "We, acha mutoto mwenzio!" Nilikaa nikiitazama ile sufuria. Maji ya kikombe kimoja. Upana wa chumba kimoja, kutoka meza ya kando hadi mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono wa kuyafikisha, na siku hiyo mkono huo ulikuwa hapa Buyenzi, kwenye joto la Bujumbura la mwaka mzima, pengine ukipepea mkaa, mahali ambapo baridi hairudi.

"Sara," nikamwambia. "Ichukue tena. Unipe."

Hakunielewa. Nikairudisha sufuria upande wake wa meza, nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama tunavyopokea hapa kwetu kitu kinachotoka kwa mtu tunayemheshimu. Akaiangalia mikono yangu. Kisha akaiinua ile sufuria, akaileta juu ya meza mpaka ikagusa vidole vyangu, nikaipokea.

Hakuiachia mara moja. Tukabaki tumeishika wote wawili.